Je, Mzee Amechelewa Kuacha Tumbaku?



Tumepata barua kutoka kwa mwalimu wa usharika mmoja wa pwani, kaskazini ya Tanga, upande wa Moa, ambako nyumba za wavuvi zimekaa kati ya minazi na mikoko. Barua yenyewe ni fupi, lakini swali lililomo si fupi, nasi tumelichukua siku nyingi moyoni kabla ya kuliandikia jibu.

Mwalimu asema hivi: “Nilikwenda kumtazama mzee mmoja wa usharika wetu, umri wake miaka 62. Alianza kuvuta tumbaku alipokuwa kijana wa kukata mkonge, kwanza msokoto, kisha sigara, wala hajaacha tangu siku hizo. Sasa akitoka kwake kuja kanisani, njia ya dakika kumi, husimama mara tatu kutafuta pumzi. Nikamwambia, ‘Babu, sigara hii uiache.’ Akacheka, akanijibu, ‘Mwalimu, mnazi ukiisha kupigwa na radi haupaliliwi tena. Miaka 45 nimevuta. Moshi ulilotaka kulifanya umekwisha kulifanya. Ukiniondolea sigara leo utaniondolea furaha ndogo iliyonibakia, na mapafu yangu hutanirudishia.’ Nami nikanyamaza, maana sikuwa na neno. Je, nilipaswa kumwambia nini?”

Mwalimu huyu hakuuliza kama tumbaku yadhuru. Hilo lajulikana, na mzee mwenyewe hakulikana. Aliuliza jambo jingine: mtu aliyekwisha kuharibu, na aliyechelewa, anayo sababu gani ya kuacha? Na sisi tulio karibu naye, tunayo haki gani ya kumsumbua?

Wala hatuandiki haya ili kuamua kama kuvuta ni dhambi. Wengi waliotutangulia katika kanisa walivuta bila kufikiri neno. Katika daftari la nyimbo la Anna Magdalena, mke wa Johann Sebastian Bach, lililoanzwa mwaka 1725, umo wimbo wa mtu avutaye kiko, naye akikitazama kiko chake cha udongo, na moshi wake, na majivu yake, awaza habari za kufa kwake mwenyewe. Watu wale waliuona moshi kuwa mfano wa mauti. Kwamba ni njia ya kuyafikia, hawakuambiwa na mtu. Na hapa kwetu kampuni ya Kijerumani ililima tumbaku katika miaka ya 1880 huko Lewa, bara ya Pangani, kabla mkonge haujajulikana. Vita vya Abushiri vya mwaka 1888 vikaivuruga kazi ile, na baadaye mkonge, ulioletwa mwaka 1893, ukaishika nchi. Tumbaku ya Tanzania sasa yalimwa hasa Tabora na mikoa mingine ya bara. Kwetu shamba lilikwisha zamani, ila wavutaji hawakwisha.

Basi turudi kwa mzee. Neno lake lina sehemu mbili, na yafaa tuzitenganishe, kwa kuwa moja ni habari ya mwili, na nyingine ni habari ya upendo. Ya kwanza asema: lililofanyika limefanyika. Ya pili asema: msininyime kidogo nilicho nacho. Mwalimu aliposikia zote mbili kwa pamoja alishindwa, wala hatumlaumu.

Kwa habari ya mwili, tunayo hesabu iliyofanywa kwa uvumilivu mkubwa. Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia madaktari wa nchi yao, wakawauliza nani huvuta na nani havuti. Kisha wakawafuata mwaka baada ya mwaka, wakiandika nani yu hai, nani amekufa, na kwa maradhi gani. Wanaume zaidi ya 34,000 waliingia katika hesabu hiyo, nayo ikaendelea miaka 50. Matokeo yake yakatolewa mwaka 2004. Wale waliovuta mpaka mwisho walikufa mapema kuliko wasiovuta, kwa wastani miaka kama 10. Lakini tazama waliokwisha kuvuta, kisha wakaacha. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliokoa karibu miaka yote 10. Aliyeacha katika 40 aliokoa 9. Aliyeacha katika 50 aliokoa 6. Na aliyeacha katika 60 aliokoa 3.

Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Kabla ya hesabu hii ya madaktari, yeye na Hill waliwachunguza wagonjwa wa hospitali za London, na alipoona yale yaliyokuwa yakitokea katika karatasi zake, akaiacha sigara, naye alikuwa amepita miaka 35. Akafa mwaka 2005, akiwa na miaka 92. Hatusemi kwamba aliishi sana kwa sababu hiyo tu. Twasema kwamba aliitii hesabu yake mwenyewe, jambo ambalo wenye kuhesabu hawalifanyi siku zote.

Basi kwa mzee wetu hesabu si sifuri. Lakini miaka 3 ni neno kavu, na mtu wa miaka 62 haachi sigara kwa ajili ya neno kavu. Yampasa aelewe ni nini kitendekacho mwilini mwake, tangu saa ile azimapo sigara ya mwisho.

Na tuseme ameizima jioni, jua likizama. Kabla hajamaliza kunawa mikono na kukaa kula, zikipita dakika 20, mapigo ya moyo wake yameanza kutulia, na nguvu ya damu katika mishipa yake imeanza kushuka. Yeye hasikii kitu ila hamu. Katika moshi imo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ile ile iwauayo watu waliolala chumba kilichofungwa na jiko la makaa ndani. Hewa hii huwahi mahali pa oksijeni katika damu, kama abiria asiye na nauli aliyewahi kukaa katika mashua, na wenye nauli wakaachwa ufukoni. Mvutaji huishi siku zake zote na abiria hawa. Akiacha, huanza kushuka mmoja mmoja. Na kesho yake adhuhuri, mzee akiwa bado anaipapasa mifuko yake kutafuta kiberiti, damu yake yachukua pumzi kama damu ya mtu asiyevuta.

Tena katika njia za pumzi vimo vinyweleo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kufagia makohozi na vumbi kuvipeleka juu. Moshi huvilaza. Ndipo uchafu hukaa kifuani usiku kucha, na alfajiri mvutaji hukohoa kikohozi kile ambacho jirani hukitambua hata kabla ya jogoo. Sigara ikiachwa, vinyweleo huamka, vikaanza kufagia nyumba isiyofagiwa miaka mingi. Hapa wengi hudanganyika. Maana mtu aweza kukohoa zaidi katika majuma ya kwanza ya kuacha kuliko alivyokohoa zamani, naye husema, “Mwaona? Sigara ndiyo iliyokuwa ikinituliza kifua,” akairudia. Tumesikia neno hili Pangani na Muheza na Korogwe, na tungependa kila mwalimu alijue jibu lake mapema, kwa kuwa mtu asiyeonywa juu ya kikohozi hiki hukichukua kuwa ushahidi dhidi ya mshauri wake. (Lakini kikohozi kipitacho majuma mawili, au chenye damu, au chenye homa na kukonda, si cha kungojwa nyumbani, mtu na aende hospitali akapimwe kifua kikuu. Mvutaji huugua kifua kikuu upesi zaidi kuliko asiyevuta.)

Baada ya majuma machache hata miezi mitatu, damu hutembea vizuri zaidi na mapafu hufanya kazi vizuri zaidi. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa kikohozi hupungua na pumzi hurefuka. Mwaka mmoja ukiisha, hatari ya maradhi ya moyo ambayo tumbaku ilimwongezea mtu imeshuka kiasi cha nusu. Moyo, twaweza kusema, ni mwepesi wa kusamehe. Hatari ya kiharusi hushuka hata kufanana na ya asiyevuta, baada ya miaka kati ya 5 na 15. Mapafu hukawia: baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu imefika kama nusu ya hatari ya yule aendeleaye kuvuta, na nusu iliyobaki haiondoki kwa haraka. Katika miaka 15 hatari ya maradhi ya moyo huwa kama ya mtu ambaye hakuvuta.

Lakini liko jambo lisilorudi, na mwalimu asilifiche. Ndani ya mapafu vimo vifuko vidogo vya hewa, maelfu kwa maelfu, ambamo pumzi huingia katika damu. Vifuko vilivyokwisha kubomolewa na moshi havijengwi tena. Mzee asimamaye mara tatu njiani, yamkini atasimama maisha yake yote. Kuacha hakumrudishii kifua cha ujana wake. Kazi yake ni kuuzuia ubomoaji: kifua cha kila mtu hupungua nguvu kidogo kidogo kwa uzee, lakini cha mvutaji hupungua mbio, na akiacha, hurudia mwendo wa polepole wa watu wote. Leo asimama mara tatu. Akiendelea kuvuta, itafika siku asitoke kitandani bila msaada. Kati ya siku hizi mbili liko pengo, na pengo hilo bado ni lake kulilinda.

Wasomaji wa pwani watalielewa jambo hili kwa mfano wa bahari yao. Tangu miaka ya 1960 watu walivua kwa baruti katika miamba ya Tanga. Wavuvi wanajua palivyokuwa: mshindo mmoja, samaki wakaelea, na chini matumbawe yamekuwa kifusi. Mwaka 1994 ulianza mpango wa kuhifadhi pwani ya Tanga, na vijiji vikapatana kuifunga baadhi ya miamba isivuliwe. Mahali palipofungwa kweli, samaki walionekana kuongezeka, nao hawakungoja miaka mingi. Lakini matumbawe yaliyopondwa hayakurudi kwa mwendo wa samaki. Kifusi hubingirishwa na mawimbi, na tumbawe changa halipati mahali pa kushika. Kazi hiyo ni ya miongo mingi. Je, yuko mvuvi mwenye akili awezaye kusema, “Kwa kuwa matumbawe hayarudi, basi baruti na iendelee”? Kinyume chake, kadiri mwamba uliobaki ulivyo mdogo, ndivyo uzidivyo kuwa na thamani.

Hapa ndipo mfano wa mzee ulipopotoka. Mnazi uliopigwa na radi umekufa, na radi imekwisha kupita. Lakini yeye hakufa, na moshi haujapita. Kila siku huuita tena kwa mkono wake. Amesema habari ya jambo liendelealo kana kwamba ni jambo lililokwisha. Nasi tumeona kosa hili katika mengi mengine yasiyo tumbaku. Mtu mwenye deni la dukani husema, “Nimekwisha kuwa mdaiwa,” akakopa tena. Mume aliyekosana na mke wake husema, “Nyumba hii imekwisha kuvunjika,” akavunja na kilichobaki. Neno “nimechelewa” laonekana kuwa neno la unyenyekevu. Mara nyingi ni ruhusa ambayo mtu amejipa.

Atatokea mtu mwingine na hoja ya namna nyingine: “Babu yangu alivuta hata miaka 90, na jirani yetu aliacha, akafa mwaka ule ule.” Twamwamini. Hesabu ya Doll haimwahidi mtu mmoja neno lolote. Yasema habari za watu wengi. Mwenye kuvuka mkondo wa Pemba kwa mashua wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, aweza kufika salama, na aliyevuka wakati wa matlai aweza kuzama. Wote wawili tumewaona. Hata hivyo hakuna nahodha wa Tanga asemaye kwamba kusi na matlai ni sawa, wala hamtwiki mwanawe katika kusi kwa sababu babu yake alifika. Basi mwalimu asimwambie mzee, “Ukiacha utaishi miaka mitatu zaidi.” Na aseme, “Katika wazee wa umri wako walioacha, wengi wao walipata miaka, wastani wake kama mitatu. Wewe binafsi hatujui.” Ni neno dogo kuliko ahadi, lakini mzee akija kuugua baadaye, halitakuwa limemdanganya.

Na miaka mitatu ni nini? Mjukuu aliye darasa la nne aweza kufika la saba. Tena tusiifikiri kama posho iliyowekwa mwisho wa safari, maana miaka yote iliyo kabla yake nayo hubadilika: ni usiku wa kulala bila kukaa kitako kutafuta pumzi, ni kwenda mwenyewe bandarini kununua samaki, badala ya kutuma mtoto.

Sasa ya pili, ile furaha ndogo. Hatutaki kuidharau. Yuko mtu aongezaye mashauri kwa maskini na mzee kana kwamba wao hawana haki ya kupenda kitu. Mzee amefanya kazi ngumu, watoto wake wako mbali, na sigara humpa saa yake ya kukaa kimya chini ya mwembe. Lakini na tumwulize kwa upole furaha hiyo ni ya namna gani. Mara nyingi ile sigara ya asubuhi haimletei raha mpya. Humwondolea taabu ambayo sigara ya jana imemwachia. Ni kama mtu ajichomaye mwiba kila siku apate kufurahia kuutoa. Taabu ya kuacha ni kweli, nayo ni kali hasa katika juma la kwanza: hasira, usingizi mbaya, njaa, fikira zisizotulia. Hupungua katika majuma matatu au manne. Na uchunguzi wa waliokwisha kuacha waonyesha kuwa baada ya muda mioyo yao hutulia kuliko ilivyokuwa walipokuwa wakivuta. Hilo mzee hawezi kulijua kabla hajavuka, nasi hatuwezi kumlazimisha kuvuka. Twaweza kumwambia tu upana wa mto.

Tulipokuwa tukiandika hesabu ya miaka, kijana atusaidiaye kupanga karatasi, mwenye miaka 22, aliisoma juu ya bega letu akasema, “Kumbe! Aliyeacha katika 30 alirudishiwa yote. Basi mimi ninayo miaka minane ya kuvuta bure.” Tukacheka naye. Kisha tukaona kwamba si mzaha, maana aliitumia hesabu ile ile ya mzee, akatoka nayo upande wa pili. Mzee asema: nimechelewa, kwa hiyo nisiache. Kijana asema: sijachelewa, kwa hiyo nianze.

Tulimjibu kwanza kwa hesabu. Uchunguzi wa wanawake wengi sana wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba walioacha kabla ya miaka 40 waliepuka zaidi ya sehemu 90 katika 100 za hatari ile iliyozidi, na walioacha kabla ya 30 zaidi ya 97. Ni nyingi, lakini hazikutimia 100. Akasema, “Sehemu tatu naziweza.” Basi tukamwuliza, “Siku yako ya miaka 30, ni nani atakayeacha?” Akajibu, “Mimi.” Hapo ndipo shida ilipo.

Wazee wa pwani wanajua neno uraibu. Zamani lilikuwa hasa neno la vitu vya kutafuna alivyowekewa mgeni: jani la tambuu, popoo, chokaa, katu na kipande cha tumbaku. Ilikuwa heshima ya nyumba. Leo neno hilo hilo hospitalini na mashuleni ni jina la kufungwa na kitu, mtu asiweze kukiacha. Kijana huyu afikiri kwamba atakuja kuacha kwa nia aliyo nayo leo. Lakini nia hiyo ndiyo atakayoilipa kila siku kama bei ya sigara, miaka minane, na siku ya kuihitaji ataikuta imepungua. Katika watu 100 wajaribuo kuacha bila msaada wowote, wanaofaulu kufika miezi sita hata mwaka ni 3 hata 5 tu kwa kila jaribio. Wengine huanguka, wakajaribu tena, na wengi wa walioacha kabisa waliacha baada ya kuanguka mara nyingi. Kwa hiyo mzee akianguka siku ya tano, mwalimu asimwandike katika kitabu cha walioshindwa. Na kijana apangaye kuacha baada ya miaka minane na ajue kwamba anaweka rehani mali ambayo hajui kama ataweza kuikomboa. Alinyamaza. Hatujui alilolishika.

Wako na wapatanishi, wasemao, “Nitapunguza, kutoka ishirini nitakwenda moja.” Kwa mapafu ni afadhali. Lakini moyo haugawanyi hivyo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba avutaye sigara moja tu kwa siku huchukua karibu nusu ya ile hatari ya moyo inayomzidia avutaye ishirini. Mtu angetazamia sehemu moja katika ishirini, sivyo. Wala ugoro na tumbaku ya kutafuna si kimbilio, maana huleta saratani ya kinywa. Hata popoo peke yake, bila tumbaku, ilitiwa mwaka 2004 na wakala wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni katika vitu viletavyo saratani. Habari za shisha za mijini tutaziacha leo, ila moshi kupita majini hauoshwi.

Liko neno moja ambalo mzee hakulihesabu kabisa, nasi tulishangaa kwamba mwalimu naye hakulitaja. Mzee alisema mapafu yangu, furaha yangu. Lakini katika barua imeandikwa kwamba huishi na mkewe na wajukuu wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na wakati wa mvua za masika huvuta ndani. Watoto wakaao katika moshi wa watu huugua kifua na masikio zaidi, na mwenye pumu huzidiwa. Mke asiyevuta huchukua sehemu ya hatari ya moyo na ya saratani ya mapafu bila kupata hata ile furaha ndogo. Kwa mzee faida ya kuacha hukawia, nyingine mwaka, nyingine miaka kumi. Kwa mtoto alalaye chumba cha pili hewa hutakata usiku ule ule. Sheria ya tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 yazuia kuvuta katika mahali pengi pa watu wote; nyumbani haiingii. Huko huingia mwalimu tu, akiwa na heshima, na akipiga hodi.

Basi tulimwandikia mwalimu: Asimwambie mzee kwamba atapona, maana si kweli. Asimwambie kwamba amechelewa, maana hilo pia si kweli. Na amweleze habari ya moyo na ya mapafu, kila kimoja kwa mwendo wake, na habari ya kikohozi cha kwanza, kisha amwulize habari ya wajukuu na kungoja ajibu. Tena tulimwambia asiende siku moja tu. Na mzee akikubali, wachague siku, waondoe kiberiti na kisahani cha majivu, waende pia kwa mganga wa zahanati, na mwalimu apite kila jioni saa ile aliyozoea kuvuta, hata kama ni kwa maongezi ya bure.

Jibu limetufikia juzi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kwa habari ya miaka mitatu hakusema neno, kwa habari ya wajukuu alisema, “Hilo hukuniambia mara ya kwanza.” Aliacha siku ya Jumatatu, na siku mwalimu aliyoiandika barua zilikuwa zimetimia siku 19. Akohoa kuliko zamani, na kila jioni humwuliza mwalimu, kwa ukali, kama hiki ndicho kile kikohozi alichoambiwa au ni kingine. Mwalimu amepatana naye waende zahanati Alhamisi wakahakikishe. Kiberiti amempa mkewe kwa kazi ya jikoni. Hasira zake, asema mwalimu, bado ni nyingi, hata mkewe amemtolea kiti nje chini ya mwembe, akae huko mpaka zipungue.